Nani Aliyemuuliza Mzazi? Mashirika ya Haki za Kiraia na Uchaguzi wa Shule Marekani

 

Nimekuja na swali moja. Mashirika makubwa ya haki za kiraia ya Marekani, na hasa NAACP iliyoanzishwa mwaka 1909, husimama mahakamani, bungeni na mbele ya waandishi wa habari na kusema kwa niaba ya watu weusi juu ya elimu ya watoto wao. Linapokuja suala la mzazi kuchagua shule, je, wanayoyasema ndiyo wanayoyataka wazazi hao? Msidhani swali hili halituhusu. Ndugu zetu kutoka Kongo, Somalia, Kenya na Tanzania wanaishi Minnesota, Ohio na Texas, na mtoto wao akiingia darasani kule huhesabiwa kuwa mtoto mweusi na kusemewa pamoja na wengine. Mbele kidogo nitawapeleka St. Paul, mkaone jambo hili likiwagusa watu wa kwetu.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnisikilize mkilipima. Naona mashirika haya yametunza historia ya jamii yao kwa uaminifu mkubwa, na tahadhari zao nyingi zina msingi. Lakini maoni ya wazazi wenye watoto shuleni leo wameyawakilisha vibaya, na kwa shule za mkataba walifika mahali pa kuamua kwanza na kuuliza baadaye.

Kabla ya hoja, nieleze mambo mawili kwa wasioyafahamu. Marekani, kwa kawaida mtoto hupangiwa shule ya umma kufuatana na anapoishi. Kwa miongo mingi sheria, mabenki na mikataba ya nyumba viliwazuia watu weusi kuishi katika mitaa mingi, kwa hiyo mipaka ya shule ikafuata mipaka ya rangi. Uchaguzi wa shule ni njia za kumvusha mtoto mipaka hiyo, na mbili ndizo zinazobishaniwa zaidi. Kuna shule za mkataba, zinazolipiwa na fedha za umma, zisizotoza ada, lakini zinazoendeshwa na bodi zake zenyewe kwa mkataba unaoweza kufutwa. Minnesota ilipitisha sheria ya kwanza ya shule hizo mwaka 1991. Halafu kuna vocha: serikali inampa mzazi fedha alipie ada ya shule binafsi, hata ikiwa ya kanisa. Tafadhali zitenganisheni hizi mbili akilini, maana wengi wanaobishana hawazitenganishi.

Hoja ya kwanza: hofu ya mashirika haya ilizaliwa na mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Moja ya kesi zilizounganishwa katika Brown ilitoka Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ambako wanafunzi weusi walikuwa wamegoma mwaka 1951 wakidai shule inayofaa. Watawala wa wilaya ile walipobanwa na mahakama, mwaka 1959 walizifunga shule zote za umma. Watoto weupe walifunguliwa shule binafsi, na kwa muda ada yao ikasaidiwa na ruzuku za serikali. Watoto weusi hawakuwa na shule. Miaka mitano ilipita. Mtoto aliyekuwa na miaka saba shule zilipofungwa alikuwa na kumi na miwili Mahakama Kuu ilipoamuru zifunguliwe, mwaka 1964. Wazazi wenye jamaa mikoa mingine waliwapeleka watoto huko. Wasio na jamaa walibaki nao nyumbani na mashambani.

Kwingineko Kusini mbinu ilikuwa ya upole zaidi. Wilaya zilitangaza kwamba kila mzazi yuko huru kuchagua shule aitakayo. Mzazi mweusi aliyemwandikisha mtoto shule ya weupe aliweza kufukuzwa kazi au kunyimwa mkopo wa mbegu, na karibu hakuna mzazi mweupe aliyechagua shule ya weusi. Mwaka 1968, katika kesi ya Green dhidi ya New Kent County, Mahakama Kuu ilikataa mpango wa namna hiyo. Mawakili walioshinda kesi hizi walitoka NAACP na mfuko wake wa utetezi wa kisheria. Mtu aliyelipigania jambo hilo kwa miaka kumi na mitano, akisikia mwanasiasa anahubiri uhuru wa kuchagua shule, ana haki ya kuuliza: uhuru wa nani?

Lazima niongeze habari ya walimu. Shule za weusi zilipofungwa baada ya Brown, maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi. Na hata kuwa mwanachama wa NAACP kulikuwa na gharama: mwaka 1956 South Carolina ilitunga sheria ya kuwazuia wanachama wake wasiajiriwe na serikali, na wapo walimu waliokubali kuacha mshahara kuliko kukana uanachama. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba NAACP inawasikiliza mno walimu, kumbuka walimu hao walikuwa nayo katika dhiki. Nao pia ni jamii, na wengi wao ni wazazi.

Hoja ya pili: waliodai uchaguzi wa shule hawakuwa wote mawakala wa matajiri.

Twendeni Milwaukee, Wisconsin, na hapa nitakaa zaidi. Katika miaka ya 1980 jiji lile lilikuwa likiwasafirisha watoto kwa mabasi ili kuchanganya rangi shuleni, na mzigo wa safari uliwaangukia zaidi watoto weusi. Waliamka alfajiri, wakavuka jiji, na matokeo ya masomo hayakupanda. Annette Polly Williams, mbunge wa jimbo kwa chama cha Democratic, mama aliyewahi kuishi kwa msaada wa serikali na aliyeongoza kampeni za urais za Jesse Jackson huko Wisconsin mwaka 1984 na 1988, alichoka kuona watoto wa mtaa wake wakisafirishwa bila kufundishwa. Yeye na Howard Fuller, mwanaharakati wa muda mrefu, walijaribu kwanza kupata wilaya ya shule ya peke yao, iendeshwe na watu weusi wenyewe. Waliposhindwa, Williams alishirikiana na gavana wa Republican, Tommy Thompson, na mwaka 1990 sheria ya vocha ikapita.

Sikilizeni ilivyokuwa, maana siku hizi imesahaulika. Ilikuwa kwa familia maskini tu. Haikuruhusiwa kuzidi asilimia 1 ya wanafunzi wa jiji. Shule za dini hazikuruhusiwa. Shule yenye waombaji wengi ilipaswa kupiga kura ya bahati nasibu, isichague watoto wenye akili. Mwaka wa kwanza watoto 341 waliingia katika shule 7, na kati ya shule hizo kulikuwa na zile ambazo watu weusi wenyewe walikuwa wamezijenga kwa shida na kuziendesha kwa michango. Kwa Williams, hilo lilikuwa ndilo lengo: fedha za watoto weusi zifike kwenye taasisi za watu weusi.

Tawi la NAACP la Milwaukee lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, pamoja na vyama vya walimu. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Wisconsin iliihalalisha kwa kura nne dhidi ya tatu. Fikirini mama wa mmoja wa watoto wale 341. Chama ambacho bibi yake alikichangia senti zake kilikuwa mahakamani kudai mtoto wake arudi alikotoka. Sidhani alihitaji kufafanuliwa siasa ili aone kwamba hapo hakuwakilishwa.

Lakini hadithi ya Milwaukee haiishii hapo, na anayeikata hapo haitendei haki. Mwaka 1995 bunge lilifungua mlango kwa shule za dini, na idadi ikaanza kukua. Fedha za kuipigia debe sera hiyo zilitoka kwa mifuko ya wahafidhina, ukiwemo Mfuko wa Bradley wa hapohapo Milwaukee, mfuko uleule uliomlipia Charles Murray, mwandishi mwenza wa kitabu cha mwaka 1994 kilichohusisha akili na rangi. Mlioshangaa kwa nini NAACP haikuwaamini washirika wa Williams, jibu mnalo. Mwaka 2011 gavana Scott Walker alipotaka kuondoa kikomo cha kipato ili hata matajiri wapate vocha, Howard Fuller alipinga waziwazi. Williams naye, hadi alipofariki mwaka 2014, alilalamika kwamba mpango wake ulikuwa umechukuliwa na watu wenye malengo mengine. Wale wawili walioanza na vocha walimalizia na onyo lililofanana sana na la waliowashtaki. Kwangu hili ndilo fundisho zito zaidi katika suala zima, kwa sababu lingewezekana kuonekana mwaka 1990 kama pande mbili hizo zingeketi meza moja badala ya kukutana kwa jaji.

Hoja ya tatu: mwaka 2016 uamuzi ulitangulia, kusikiliza kukafuata.

Wanaoandika, andikeni mfuatano huu. Julai 2016, wajumbe wa mkutano mkuu wa NAACP huko Cincinnati walipitisha azimio la kutaka uanzishwaji wa shule mpya za mkataba usimamishwe. Septemba, zaidi ya viongozi 160 weusi wa elimu waliiandikia bodi barua wakiiomba isiliidhinishe. Oktoba, bodi ilipokutana, wazazi kutoka Memphis walisafiri kwa mabasi hadi Cincinnati kupinga. Bodi iliidhinisha. Baada ya hapo ndipo ikaundwa kamati, na kuanzia Desemba kamati ikazunguka miji saba, kuanzia New Haven hadi Los Angeles, kuwasikiliza wazazi, walimu na wataalamu. Ripoti ikatoka Julai 2017.

Azimio lenyewe halikuwa la kipuuzi. Lilitaka shule za mkataba zikaguliwe kama shule nyingine za umma, zisiwafukuze watoto ambao shule za umma zinalazimika kuwapokea, na fedha zao zisizibomoe shule zilizobaki. Aliyeona New Orleans baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, ambako zaidi ya wafanyakazi 7,000 wa shule, wengi wao weusi, waliachishwa kazi kwa mkupuo na shule karibu zote zikageuzwa kuwa za mkataba, hawezi kudharau madai hayo, hata akikubali kwamba alama za mitihani zilipanda. Kosa nililoliona ni mpangilio. Watoto weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote wa umma, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa shule za mkataba. Yaani mamia ya maelfu ya familia za jamii hiyo zilikuwa zimeshaamua kwa miguu yao. Kuwafungia wengine mlango kabla ya kuwaita hao na kuwauliza mmetoka wapi, mmekimbia nini, mmepata nini, ni kuwageuza wazazi kuwa mashahidi wa kesi iliyokwisha hukumiwa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 NAACP iliungana na chama cha walimu cha New York katika kesi ya kuzuia shule kufungwa na shule za mkataba kupewa nafasi katika majengo ya umma, na wazazi wa Harlem wakaandamana dhidi ya chama chao wenyewe. Huko Florida, tawi la jimbo liliungana na walimu mwaka 2014 kupinga mahakamani ufadhili wa ada ulioelekezwa kwa watoto maskini, wengi wao weusi na Walatino. Januari 2016 zaidi ya watu 10,000 walikusanyika Tallahassee kuomba kesi ifutwe, na aliyetembea mbele yao alikuwa Martin Luther King III, mtoto wa yule kiongozi mashuhuri wa haki za kiraia. Mwaka 2019 matawi ya San Diego, Riverside na San Bernardino yalipitisha maazimio ya kupinga msimamo wa makao makuu. Wale hawakuwa maadui wa harakati. Walikuwa ni wenye nyumba.

Hoja ya nne: hakuna maoni mamoja ya jamii yanayosubiri kuwakilishwa.

Hii nitaipitia kwa haraka. Tafiti za maoni za miaka mingi zinaonyesha kwamba wafuasi weusi na Walatino wa Democratic wameunga mkono shule za mkataba na vocha zaidi kuliko wenzao weupe. Wapigania vocha hulitaja hilo kila wanaposimama. Lakini jibu hubadilika kulingana na swali lilivyoulizwa, na hubadilika kwa upepo wa siasa: uchunguzi wa kitaifa wa jarida la Education Next ulionyesha uungaji mkono wa shule za mkataba miongoni mwa Wamarekani wote ukishuka kutoka asilimia 51 mwaka 2016 hadi 39 mwaka 2017. Na kwenye sanduku la kura mambo ni mengine. Novemba 2016 wapiga kura wa Massachusetts walikataa kwa asilimia 62 kuongeza idadi ya shule za mkataba, na Boston yenyewe ilikataa, ingawa tafiti zilizolinganisha watoto walioshinda na walioshindwa bahati nasibu za shule za jiji hilo zilionyesha walioingia walifanya vizuri zaidi. Mzazi aweza kuitaka nafasi kwa mtoto wake na bado akaogopa yatakayoipata shule ya jirani. Ni mtu mmoja, na yote mawili ni ya kweli kwake.

Mashirika nayo hayasemi kwa sauti moja. Shirika kubwa la Walatino, UnidosUS, lina vyama wanachama vinavyoendesha shule za mkataba. Na fedha zimetoka kila upande: vyama vya walimu vimeyachangia mashirika ya haki za kiraia, na mifuko ya matajiri imevichangia vikundi vya wazazi.

Hoja ya tano inahusu wakili na mteja.

Derrick Bell alikuwa wakili kijana katika mfuko wa utetezi wa NAACP miaka ya 1960, akisimamia kesi zaidi ya 300 za kuondoa ubaguzi shuleni. Mwaka 1976, akiwa profesa wa Harvard, alichapisha makala katika jarida la sheria la Yale ambayo wenzake wengi hawakuifurahia. Aliuliza: wakili anapoendelea kudai watoto wachanganywe, huku mteja wake anadai shule bora popote ilipo, anamtumikia nani? Swali lilikuwa na msingi. Miaka miwili nyuma, katika kesi ya Milliken kutoka Detroit, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuzihusisha wilaya za vitongoji vya weupe, hivyo kuchanganya wanafunzi ndani ya miji iliyobaki na weusi wengi kukawa karibu haiwezekani. Na huko Atlanta, mwaka 1973, tawi la NAACP lilikubali kupunguza usafirishaji wa watoto kwa mabasi, na badala yake watu weusi wapewe uongozi wa shule za jiji. Makao makuu yaliwasimamisha viongozi wa tawi hilo. Miaka arobaini kabla, W.E.B. Du Bois, mmoja wa waasisi wa chama, alijiuzulu mwaka 1934 baada ya mvutano uliogusa jambo hilihili, na mwaka uliofuata akaandika kwamba mtoto mweusi anahitaji elimu ya kweli kabla ya yote, iwe katika shule mchanganyiko au ya peke yake.

Sasa nitimize ahadi ya St. Paul. Kule kuna shule ya mkataba iitwayo Higher Ground Academy, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Bill Wilson, mwanasiasa mweusi wa jiji hilo. Wanafunzi wake wengi ni watoto wa familia za Afrika Mashariki. Wazazi waliipenda kwa sababu mtoto hachekwi kwa hijabu yake wala kwa lafudhi yake, na mwalimu anajua kwamba mtoto aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi si mjinga. Mwaka 2015 kundi la wazazi, wakiwa na mawakili wao, lilifungua kesi ya Cruz-Guzman dhidi ya jimbo la Minnesota likidai kwamba utengano wa rangi katika shule unawanyima watoto elimu wanayoahidiwa na katiba. Takwimu zao ni za kweli, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya jimbo ilikubali kesi isikilizwe. Lakini Higher Ground na shule nyingine za mkataba ziliomba kuingia katika kesi hiyo kujitetea, kwa sababu dawa ya utengano ikitolewa bila wao kuwapo, shule ambayo wazazi wake wameichagua ingeweza kuhesabiwa kuwa ndiyo ugonjwa. Naamini walalamikaji wana nia njema. Naamini pia mama wa Kisomali au wa Kikongo ana haki ya kusikilizwa mwenyewe, kwa lugha yake, kabla ya mtu yeyote kumweleza jaji mtoto huyo anahitaji kukaa dawati moja na nani.

Ndugu zangu, haya yote yanaelekea wapi? Uwanja umebadilika haraka. Mwaka 2022 Arizona ilifungua ruzuku zake kwa kila mtoto bila kujali kipato, na wengi wa walioomba mwanzoni hawakuwa wakisoma shule za umma. Mei 2025 Texas ilitenga dola bilioni 1 kwa mpango wake wa namna hiyo. Julai mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayompa mlipakodi nafuu ya hadi dola 1,700 akichangia mifuko ya ufadhili wa shule, kuanzia Januari 2027, na kila jimbo limeachiwa kuamua kama litashiriki. Mpango wa Polly Williams wa watoto 341 maskini umezaa sera ambazo familia tajiri zinanufaika nazo waziwazi. Kwa jambo hili onyo la mashirika ya haki za kiraia ni la haki, na natamani lisikike kwa nguvu.

Litasikika likitoka kwa watu waliowasikiliza wazazi wao. Maamuzi ya majimbo bado yanaendelea, kwa hiyo nafasi ipo. Matawi yanaweza kuita mikutano ya wazazi kabla ya kutoa tamko, jioni baada ya saa za kazi, wakiwemo wazazi wa shule za mkataba na wale waliotumia vocha, pamoja na wakalimani wa Kiswahili, Kisomali na Kihispania. Yanaweza kuchapisha yaliyosemwa, hata yasiyowapendeza viongozi. Yanaweza kudai kwamba fedha zikitolewa zianze na maskini, kwamba shule inayopokea fedha za umma isimkatae mtoto mlemavu, na kwamba hesabu zake zikaguliwe. Madai hayo wazazi wa pande zote mbili wangeweza kuyatia sahihi. Nanyi mlio na jamaa kule, wapigieni simu. Waulizeni kama wanajua mkutano wa bodi ya shule wa wilaya yao unafanyika lini, na kama jimbo lao limeshaamua. Waende, waseme wenyewe wanachokitaka kwa watoto wao.